Pakanga Chungu Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemkabidhi mpwa wangu, binti wa dada, mfuko wa majani makavu ya pakanga akayapime yana dawa ya homa kiasi gani huko maabara anakofanya kazi. Sasa watanijua! Misimu minne nachagua kwa ulimi. Natafuna jani la kila mche: unaonitoa machozi nauacha utoe mbegu, ulio mpole nang'oa. Wao wana mashine, mimi nina ulimi. Mbuzi wa jirani aliiba tawi moja tu — hadi leo akiniona anapiga magoti.

Mpwa akaniuliza, "Na kama dawa haimo, Mjomba?"

Mtoto wa juzi huyu! Dawa gani isiyo chungu?

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Majibu bado. Dada ana homa, si kubwa. Nimempelekea fungu la majani yangu achemshe. Amekunywa, amekunja uso, anasema hii inafukuza hata majini. Nikamsimulia yule mzee ambaye ndugu walishaanza kumlilia: nilimtia kijiko kimoja mdomoni, akaketi akadai viatu vyake. Dada amecheka mpaka akakohoa. Zahanati hakwenda. Aende kufuata nini?

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa amekuja kitaluni. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Amesimama kati ya matuta na viatu vyake vya kazini, tope limemfika kwenye vifundo. Anasema majani yangu karibu hayana dawa. Karibu hayana! Hata ile mbegu ya mwanzo niliyopewa na bwana shamba ilikuwa na dawa kuliko hii.

"Uchungu kitu kingine, Mjomba, dawa kitu kingine. Umezalisha uchungu."

Nikamwambia mashine yenu imeota kutu. Akasema wamerudia kupima, jibu lile lile.

Kumbe ile miche mipole niliyokuwa naing'oa — basi. Basi!

Halafu akauliza, mama anakunywa nini siku hizi? Nikainama kung'oa magugu. Tuta halina hata gugu moja!

Jumanne, 11 Machi

Sijala. Nimezunguka kitaluni kama mtu aliyepoteza funguo. Miche imenipita urefu, inanukia, haina hata jani la njano. Mtu akipita njiani atasimama aisifu. Ningekuwa na hamu ningemsimulia.

Homa ya dada imepanda. Mpwa amemsihi waende zahanati, hataki. Dawa ya kaka yake anayo.

"Mimi hanisikii, Mjomba. Wewe ndiye uliyemwaminisha. Nenda ukamwambie."

Nitakwenda kesho. Leo mvua kubwa. Si kubwa sana, lakini ipo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kwa dada, pembeni ya kitanda chake. Mpwa ametoka kutafuta gari.

Nimemwambia. Nimesema yote, bila chumvi hata punje: dada, majani yangu hayana dawa, ni uchungu mtupu, inuka twende zahanati. Nikarudia polepole. Jasho linamtiririka, macho mekundu — na anacheka!

"Kaka wewe! Leo umetunga mpya."

Nikamwapia kwa kaburi la mama. Ndiyo kwanza akashika mbavu. Anasema najishusha makusudi ili anisifu, ananijua tangu tunalala mkeka mmoja. Nikampokonya kikombe. Akanipiga mkononi, kofi lisilo na nguvu hata ya kuua mbu.

"Lete, kaka. Mwili unauma."

Nimeimwaga nje, sufuria nzima. Nikarudi nikaanza tena: nilikuwa nachagua kwa ulimi, dada, nikang'oa ile yenye dawa. Naieleza vibaya. Sijui kueleza kitu kilivyo. Natafuta maneno, yanakuja yale yale ya siku zote, mikono nayo inacheza hewani yenyewe.

Amefumba macho. Nikadhani amelala.

Gari bado. Nimechungulia mlangoni, barabara tupu.

Nimerudi. Amefumbua macho, midomo imekauka, anatabasamu. Ananishika mkono, wake unawaka moto.

"Halafu ikawaje, kaka?"