Kipimo cha Pili

Baba,

Huku Malinya mvua imekuja mapema na mahindi ya kando ya boma yamefika magotini. Mama ni mzima. Bado anapika ugali wa kukutosha na wewe, na mbwa wamenenepa.

Nakuandikia kwa sababu ya ndugu yako. Tangu utuache, Baba Mdogo ndiye anayemtunza fahali wako, na anamdekeza kukushinda. Asubuhi ya pigano la mafahali, vijana wameshaanza kupiga ngoma za isukuti, alishika kifua akasema ni gesi tu. Nikakusikia wewe. Wewe pia ulisema gesi. Zahanati walikupa dawa ya tumbo, ukapata nafuu, ukarudi ukicheka na muwa mkononi. Hawakuwa na namna ya kujua kuwa ni moyo.

Sasa wana kipimo kidogo cha damu, kinafanana na kile cha malaria. Moyo ukiumia huachia kitu fulani kwenye damu, na kipimo hukionyesha kwa mstari. Tulimvuta Baba Mdogo hadi huko, wakamtoa damu. Baada ya muda mfupi daktari akasema mstari haujatokea, lakini angoje, huenda ni mapema mno, wapime tena baadaye. Baba Mdogo akainuka. Alisema fahali hawezi kuingia uwanjani bila mtu anayemjua. Kifua kilikuwa kimetulia, Baba. Kama chako siku ile.

Mama akaziokota gambuti zake chini ya kitanda, akazipakata.

"Nenda, shemeji. Lakini utaenda miguu mitupu, na watu watauliza gambuti zako zinafanya nini kwa mjane."

Baba Mdogo akaketi.

Kipimo cha pili kilikuwa na mstari. Ambulensi ikampeleka hospitali kubwa mjini. Fahali wako alipigana bila yeye, akashindwa, akakimbilia kwenye miwa ya jirani. Baba Mdogo amerudi nyumbani, anameza dawa zake, na hataki mtu amtajie huyo fahali.

Nilifurahi. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu kile kipimo ni kidogo hivi, kinaenea kiganjani, na wewe hukukipata.

Pumzika, Baba. Yeyote wa nyumba hii akishika kifua, nitakaa naye mpaka damu yake ipimwe tena, hata akinikasirikia. Hata akiniambia amepona.

Binti yako,
Mmbone