Kahawa ya Boga Isiyo na Sukari

Eureka, Illinois
6 Septemba 2018

Mdogo wangu Trudy,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta u mzima kiasi cha kuishika mwenyewe. Mimi sijambo, ila magoti, na magoti yalianza zamani.

Najua ni miaka saba hatujasemezana. Ningepiga simu, lakini mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika tatu bila mmoja kumkatia mwenzake. Merle, binamu yetu, ameniambia figo zako zimekufa na kwamba unasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo nilikwenda kupimwa bila kukuuliza. Damu yangu na yako zinapatana. Figo zangu zote mbili ni nzuri, daktari alizisifu kama mtu anayesifu ng'ombe mnadani.

Tatizo ni sukari. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimesoma sita nukta moja. Sijawa mgonjwa wa kisukari, lakini nimeshasimama mlangoni kwake. Wanataka ishuke chini ya tano nukta saba, la sivyo hawanipasui. Wamenipa wiki kumi na mbili, hadi mwisho wa Novemba.

Nimeacha soda. Nimeacha biskuti, hata za kanisani. Kilichonishinda ni kahawa ya boga, ile ya maziwa na viungo. Unajua msimu huu: mwisho wa Agosti tu wameshaanza kuiuza, na mimi hupita pale kwenye dirisha la mkahawa, lile la kununulia ukiwa garini, kila asubuhi kabla ya kufungua maktaba. Kikombe kikubwa, krimu juu. Jumamosi viwili. Daktari aliniuliza kina sukari kiasi gani, nikasema kidogo. Akatafuta kwenye kompyuta yake, kisha akanigeuzia ile kompyuta nijisomee.

Wewe umepika shuleni miaka ishirini na miwili. Nifundishe kuitengeneza nyumbani isiniue. Siombi ruhusa ya kukupa figo, naomba maelekezo ya kahawa.

Dada yako,
Lavonne

*

Duluth, Minnesota
14 Septemba

Lavonne,

Barua nimepata. Mimi naendelea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko kwenye mashine kwa muda wa saa nne, na nikitoka sina nguvu hata ya kufungua mlango wa gari.

Sikukuomba figo. Nataka hilo lieleweke.

Kahawa ni hivi. Nunua boga la kopo. Lile boga la Halloween unalochonga macho na kuliweka barazani usiliguse, ni maji na nyuzi tu. Chukua vijiko viwili vya boga, weka kwenye sufuria ndogo pamoja na mdalasini nusu kijiko cha chai, tangawizi ya unga robo, karafuu na kungumanga kidogo tu kwa ncha ya kisu. Kaanga moto mdogo mpaka ukoko uanze kushika chini. Hapo ndipo watu wanapokosea, humwagia maziwa boga bichi halafu wanashangaa kinywaji kina ladha ya udongo. Ukishanusa viungo jikoni kote, tia maziwa kikombe kimoja, vanila, na chumvi chembe mbili tatu. Chumvi ndiyo itakayokudanganya ulimi. Mimina kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, funika kwa taulo usiungue, tikisa mpaka povu lije. Kisha kahawa nzito.

Mimi mwenyewe siruhusiwi kunywa. Boga lina potasiamu, na figo zangu haziwezi kuitoa. Kwa hiyo usiniulize imetokaje, utaniambia wewe.

Trudy

*

Eureka
23 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Vipi mashine? Vipi mkono ule wanaotoboa? Mimi mzima, isipokuwa nimeungua kidole gumba, na chupa moja imepasuka, na dari ya jikoni ina boga.

Imetoka chungu, Trudy. Nimeinywa nikiwa nimesimama kwenye sinki ili nisilazimike kwenda mbali nikiitema. Nilikunywa yote lakini. Siku ya pili nikanywa tena yote.

Sasa naendesha kwa njia ya ghala la mahindi ili nisipite dirishani. Jumanne nilijisahau nikapita. Yule binti akachomoza mwili nusu nje: "Bi Lavonne! Tulidhani umehama!"

"Sijahama. Nimeacha."

"Umeacha kahawa?"

"Nimeacha dirisha lako, mwanangu. Wewe sina ugomvi na wewe."

Akacheka, akaniuliza kama anitengenezee kidogo tu cha bure. Nilikanyaga mafuta nikaondoka huku nikilia, mwanamke wa miaka sitini na tatu. Sikujua kinywaji kinaweza kumliza mtu.

Nifanyeje na uchungu?

Dada yako,
Lavonne

*

Duluth
29 Septemba

Dada Lavonne,

Shikamoo ya mbali. Mkono umevimba kidogo, wamebadilisha sindano, sasa nafuu.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye mashine na nikacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kama presha imepanda. Nikamsomea habari ya dari. Sasa wagonjwa wote wa chumba kile wanataka kujua mwisho wako. Mzee Gunnar wa kiti cha pili anasema hutaweza. Nimemwambia hakujui: wewe huunguza hata maji, lakini hujawahi kuacha kitu katikati.

Ulimi haufundishwi siku moja. Wiki hii tia asali kijiko kimoja cha chai. Wiki ijayo nusu. Wiki ya tatu usitie, ongeza mdalasini na vanila mahali pake. Na upunguze kahawa, unaichemsha kama lami tangu ulipokuwa msichana.

Mdogo wako,
Trudy

*

Eureka
10 Oktoba

Mdogo wangu Trudy,

Salamu kwako, kwa muuguzi, na kwa Mzee Gunnar, huyo mwambie akae chonjo.

Nimeshinda! Wiki ya pili sikutia hata hiyo nusu ya asali. Nilibadilisha tu boga, maana lile la kwanza liliisha, nikanunua makopo mengine sita. Na ni tamu, Trudy. Tamu kabisa, bila chembe ya sukari. Sasa nanywa vikombe viwili, na jioni nalamba kijiko cha boga lenyewe kutoka kwenye kopo. Nimempa Phyllis wa maktaba naye akasema hajawahi kuonja kitu kizuri namna hii kisicho na dhambi. Umenitoa mbali.

Dada yako mwenye furaha,
Lavonne

*

Duluth
13 Oktoba

Dada,

Habari za afya tutaulizana siku nyingine. Nimetuma barua hii kwa posta ya haraka.

Boga haliwi tamu hivyo. Nenda jikoni sasa hivi, chukua kopo, soma kila neno, mbele na nyuma.

Trudy

*

Eureka
17 Oktoba

Trudy,

Ni boga la pai.

Makopo yote sita. Limeshatiwa sukari na viungo kiwandani, tayari kumwagwa kwenye unga na kuingizwa ovenini. Kopo la rangi ileile, picha ileile ya boga, rafu ileile. Miaka arobaini kila Novemba nimenunua hilo kwa pai ya Sikukuu ya Shukrani, na mkono ulikwenda wenyewe bila kuniuliza. Na mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kusoma.

Nimekaa sakafuni jikoni nikahesabu vijiko vya sukari nilivyolamba, nikaacha kuhesabu. Nimepoteza siku kumi katika wiki kumi na mbili, na hizo ni siku zako. Nimejichukia sana jana.

Leo sijichukii, sina muda. Makopo nimeyapeleka kanisani kwa watu wa pai. Nimenunua boga tupu, nimeandika TUPU juu ya kila kopo kwa wino mwekundu. Nimeanza upya bila asali kabisa. Na kila siku baada ya kazi natembea kwa miguu hadi ghala la mahindi na kurudi, magoti yapende yasipende. Phyllis anatembea nami. Nilimwambia juu ya kopo, akasema, "Nilijua kulikuwa na dhambi mahali fulani."

Itashuka, Trudy. Nakuahidi.

Dada yako,
Lavonne

*

Eureka
30 Novemba

Mdogo wangu Trudy,

Hujambo? Niambie hujambo. Nimekuandikia mara tatu tangu Oktoba na sijapata jibu. Merle anasema u hai na bado unakwenda kwenye mashine, kwa hiyo najua mikono yako inafanya kazi.

Tano nukta tano. Nimeketi kwenye gari nje ya maabara na karatasi iko mapajani. Muuguzi aliniuliza nilifanyaje, nikamwambia nina mdogo wangu mpishi. Sikukuu ya Shukrani ilipita nikiwa na bata mzinga na maharage mabichi, na pai ilipozungushwa mezani niliipokea nikampitishia Phyllis. Kahawa nanywa kila asubuhi na haina kitu. Sasa ile ya dirishani nikiinusa tu kichwa kinauma.

Wamenikubali. Hospitali itakupigia simu wiki hii. Pokea.

Dada yako,
Lavonne

*

Duluth
11 Desemba

Lavonne,

Nakusalimu. Walinipigia. Nimewaambia hapana.

Usikasirike, fikiri. Una miaka sitini na tatu. Sukari imeshuka kwa sababu umekazana miezi mitatu, lakini msimu ujao wa maboga utakuja, na mwingine. Ikipanda tena utakuwa na figo moja nayo itakuwa inazama, na mimi nitakuwa nimeketi hapa na ile yako nzuri. Siwezi. Niko kwenye orodha ya kungojea kama wengine. Mzee Gunnar anangoja mwaka wa nne sasa.

Asante kwa ulichofanya. Endelea na kahawa, ni nzuri kwako.

Trudy

*

Eureka
15 Desemba

Trudy,

Sikuulizi afya yako, naijua. Merle kaniambia umeanguka bafuni.

Sababu uliyoiandika ni ya uongo. Kama ungekuwa unaogopa sukari yangu usingenitumia barua ya haraka juu ya kopo. Wewe unaona aibu. Ulisimama kwenye matanga ya Mama, mbele ya kanisa zima, ukasema mimi nimemuua kwa kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Sasa huwezi kuchukua figo ya mtu uliyemwita hivyo. Basi tuliseme, limalizike.

Mama alikuwa anaanguka. Wiki ile nilimwinua sakafuni mara tatu, mara ya tatu tulianguka wote, tukalala pale mpaka mleta barua akatusikia. Nilikuwa nimemwosha na kumlisha miaka minne. Nilimpeleka kule kwa sababu nilishindwa. Akafa ndani ya wiki sita, na hakuna siku ambayo sijaihesabu.

Sikukwambia nampeleka. Hapo nilikosa. Nilijua utasema "nakuja," na nilijua hutakuja, na sikuwa na nguvu ya kungoja tena. Lakini alikuwa mama yako pia na ilikuwa haki yako kuambiwa. Nisamehe kwa hilo. Kwa kumpeleka sina la kuombea msamaha.

Sasa sikiliza. Sikupi figo ili unipende. Ichukue, halafu unichukie nayo ikiwa tumboni mwako, mradi uwe hai wa kunichukia. Msimu ujao wa maboga nitafanya kama mwaka huu, na unaofuata vilevile. Nimeshamwambia daktari. Begi langu liko mlangoni, na naliruka kila nikitoka.

Dada yako, utake usitake,
Lavonne

*

Duluth
4 Januari 2019

Dada Lavonne,

Shikamoo. Naendelea vizuri kidogo. Bafuni ni michubuko tu. Theluji imefika dirishani na sijui kama posta itaichukua hii leo, lakini naandika.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na tano. Nilikwenda nayo kwenye mashine sikuweza kuisoma mbele za watu.

Nilipokuita muuaji nilijua si kweli. Nilijua hata wakati maneno yanatoka. Watu walikuwa wameshika sahani zao, mtu mmoja akauliza ni nani aliyekuwa na Mama mwishoni, nikaona swali litakalofuata, la kwamba Trudy alikuwa wapi. Miaka minne nilikuja mara mbili. Basi nikakusukumia wewe kabla halijafika. Na ulikuwa umesimama pale na mgongo ulioumia kwa kumwinua Mama. Nisamehe, dada yangu. Figo ningepokea kwa mtu yeyote nisiyemjua barabarani. Kupokea kwako ndiko kulikonishinda, kwa sababu kwako ningelazimika kusema haya.

Nimeshayasema.

Nimewapigia hospitali asubuhi hii nikakubali kila walichoniuliza. Upasuaji ni tarehe 29 mwezi huu. Wanasema wewe ufike tarehe 27. Usiwasikilize. Njoo tarehe 20, Merle akuendeshe, barabara zitakuwa zimesafishwa. Nataka wiki nzima na dada yangu kabla hawajatugusa.

Mdogo wako,
Trudy