Bwana Harusi wa Rangi Tatu

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Kompyuta msiiguse, video ya harusi ya mdogo wako haijaisha.

Mama yako alipita asubuhi mkiwa mmelala, nikamwonyesha nilipofika. Unajua tulipiga kwa kamera tatu, kila moja ina rangi zake na mwendo wake, na bado sijazioanisha. Basi bwana harusi anaingia ukumbini mweusi tii, anavisha pete akiwa wa manjano, anakata keki akiwa wa bluu, tena akishtukashtuka kama kuku mgeni. Mama akasimama.

"Kumbe mwanangu kaolewa na wanaume watatu! Siku ile machozi yalinizuia kuona."

Nikamweleza habari za kamera. Akasema, "Mkwe wangu, hata uongo una kiasi." Hiyo imeniuma. Sasa kaenda kumchukua binti yake arudi nyumbani.

~~Mfuate ukamtulize.~~ Usimfuate, atadhani tumekula njama. Naenda mwenyewe. Nimempigia bwana harusi tukutane huko. Kauliza avae suti ipi. Nimemwambia yoyote ile, mradi aje mmoja.

Baba watoto