Ukuta wa Buluu

Mwenzangu, niko hospitali. Mdogo wangu kapata ajali kwenye mashindano ya magari, pale kona kali mbele ya saluni yangu.

Mungu wangu, ni mimi. Ni mimi!

Jana walipomaliza mazoezi, nilipaka ukuta wa saluni rangi nyeupe pe, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa ili alione akipita. Nilitaka kumfurahisha tu.

Sasa hivi fundi wa gari lake kaja amefura, "Nani kapaka ule ukuta?" Ndipo akanieleza.

Kumbe barabara ile ilivyo nyembamba, dogo alikuwa anasubiri auone ukuta wetu wa buluu ndipo akanyage breki. Miaka yote! Buluu ndiyo alama yake, na mimi nimeifuta. Hata siku moja hakuwahi kuniambia.

Leo kachelewa kufunga breki, akaenda kujibamiza kwenye vizuizi.

Mguu wa kulia wameukata.

Amezinduka. Unajua kaniuliza nini? "Dada, saluni imeenda wapi? Nimeitafuta sana."

Nikamwambia pumzika, mdogo wangu.

Mikono nimeificha chini ya shuka lake. Rangi bado iko kwenye kucha.