Mchoro ya Mvua Imekuwa Nyeupe

Kibanda cha Simu,
Stendi ya Mogogosiek,
9 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Phelix,

Omera, ndugu, habari ya huko Uholanzi? Baridi imekuachia masikio? Huku tuko wazima. Goti ya mamako imepoa, Jumapili alitembea mpaka kanisa na kurudi akisengenya watu njia yote, kwa hivyo ujue amepona. Bibi yangu Christabel anasema umekonda kwa picha.

Sasa salamu imeisha. Niko na hasira na wewe. Nimeandika kwa karatasi nipige picha nikutumie, kwa sababu voisi zangu unasikiza nusu.

Wewe ndiye ulinipea ile daftari ya kompyuta, unaweka namba na mchoro inatokea hapo chini, mtu akigusa na kidole inamwambia mvua ya siku hiyo. Miaka tatu nimepima mvua kila asubuhi na mkebe nyuma ya kibanda, naandika kwa kitabu, hata siku ya harusi yangu. Watu wa majani chai wakaniamini, mimi mtu wa darasa la sita. Hawarushi mbolea kabla waone mchoro ya Calvince, wajue udongo umelowa.

Mwezi jana ukaniambia wewe na wenzako mmeongeza injini mpya ya kuchora, mchoro itateleza kama sabuni. Nikafurahi. Nikabonyeza apdeti.

Jumamosi watu wamejaa kwa kibanda, mbolea iko nyumbani kwao inangoja. Nikafungua tableti. Nyeupe. Nikazima, nikawasha. Nyeupe kama shuka ya hospitali.

Mzee Johana, yule jirani wa shamba kubwa ya chai, akaniuliza, "Calvi, mvua yetu umeuzia watu wa Soin, kule kukavu?" Wakacheka. Mama Rodah hakucheka. Alikuwa amekataa kurusha mbolea wiki nzima akingoja mchoro. "Kumbe ulikuwa unapima sisi," akasema, akaenda.

Hiyo iliniuma. Kuitwa mkora nimezoea, lakini si kwa ile kitu moja nafanya bila ukora.

Nikasoma ukurasa yenu ya intaneti polepole. Injini mpya inataka mashine ya nguvu. Tableti yangu ni mtumba, nguvu itatoa wapi? Ulisema umeongeza. Hukuongeza, ulitoa ile ya zamani. Mamako akipanda miche mpya ya chai anaweka kwa mapengo, katikati ya ile ya zamani. Hang'oi shamba yote asubuhi halafu watu wachume hewa. Kwani wewe ulikulia wapi?

Nimechora mvua na biro kwa katoni ya sabuni, nikatundika. Jana Johana akakuja, akaweka kidole kwa katoni, akangoja. Katoni ikanyamaza. Nikaangalia kitabu yangu ya mvua, nikamwambia kwa nguvu, "Milimita kumi na nne." Akagusa ingine. "Milimita mbili, mzee." Mama Rodah alikuwa anapita. Akasimama, akagusa mara sita, mimi najibu tu, mpaka akacheka. Leo amerusha mbolea.

Sasa fanya hivi: injini mpya ikishindwa, ile ya zamani ishike yenyewe. Si kwangu tu. Mashine kama yangu ni mingi kuliko kama yako.

Salimia kasin Jackton mkionana. Mamako na Christabel wanakusalimia. Mungu akukinge na baridi, na akukumbushe nyumbani ukiwa kwa hiyo kompyuta.

Harakisha, omera. Saa hii injini ya kuchora ni mimi, na koo imeanza kukauka.

Wako akupendaye hata na hasira,
Calvince