Baba, Utepe wa Mkwe Ungali Msumarini

Baba, mwaka umetimia tangu cherehani yako inyamaze. Chumba cha mbele tumekiacha vilevile: mkasi mezani, chaki kwenye kisosi, na vile vipande vya vitambaa ulivyokataza visitupwe kwa sababu "iko siku vitafaa". Bado havijafaa. Bado hatujavitupa.

Wateja wanakuulizia. Juzi mwalimu jirani alileta gauni la binti yake lipanuliwe, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka. Aliingia, akakaa, tukalia kidogo pamoja. Hukuwahi kumwambia mtu kuwa amenenepa. Ulisema kitambaa kimerudi baada ya kufuliwa.

Lakini mwenye vituko ni Mkwe, paka wako. Ulimpa jina hilo kwa kuwa alikuja mikono mitupu, akala, akachagua kiti kizuri kuliko vyote, akalala. Ulimsema kutwa nzima, na kila asubuhi ulimbadilishia maji kabla hujanywa chai yako. Tukikucheka ulijibu, "Mnacheka nini? Mkwe akikonda, aibu ni ya nani?"

Kila Jumamosi ulimpandisha kwenye meza ya kukatia. Ulimchana manyoya, ukamtazama macho na masikio, ukamfunua mdomo na kumnusa pumzi. Kisha ulishusha msumarini utepe mwekundu ulioukata sawasawa na kiuno chake alipokuwa na afya yake. Ncha zikikataa kukutana, ulimpunguzia chakula. Zikipitana, ulivaa viatu ukampeleka kwa daktari wa mifugo. "Paka hasemi anaumwa," ulituambia. "Anajificha tu. Ukingoja alie, umeshachelewa."

Ulipoondoka, Mkwe aliacha kula. Alijibanza chini ya cherehani, manyoya yamemsimama ovyo, mate yanamtoka. Sote tukasema anaomboleza. Shangazi alimwinamia akamwambia, "Pole, Mkwe, tumefiwa sote," naye akageukia ukuta. Majirani walikuja kumwona paka anayemlilia bwana wake, na sisi, Baba, tukavimba vichwa. Tulimwachia huzuni yake kama tulivyoachiana zetu.

Mama alikuwa akikunja suruali zako ili azigawe alipoona mishono mipya kiunoni. Akachukua suruali nyingine, nayo ilikuwa vivyo hivyo. Uzi wako, mkono wako. Kumbe ulikuwa ukizipunguza mwenyewe, kimyakimya, kadiri ulivyozidi kukonda, zikukae vizuri ili tusione kitu. Na kweli hatukuona. Mama alikaa chini na suruali magotini. Hatujawahi kumwona amekukasirikia vile.

"Mtu anampima paka," alisema, "halafu yeye mwenyewe anajificha kwenye uzi!"

Kisha akatazama chini ya cherehani. Akainuka, akautwaa utepe, akamvuta Mkwe kutoka uvunguni. Ncha zilipitana vibaya.

"Huyu haombolezi. Huyu anaumwa. Leteni kikapu!"

Daktari alimfunua mdomo, akatuonyesha jino lililooza na ufizi uliovimba. Maskini, njaa alikuwa nayo muda wote. Kutafuna ndiko kulikomshinda. Tungeendelea kumpa pole, alisema daktari, ini lingeharibika kwa kukosa chakula na tungempoteza. Jino liling'olewa. Siku Mkwe aliporamba bakuli la samaki hadi likang'aa, Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe msiba wote ule ulikuwa jino!" Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tukuzike.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Msemo huo uliurudia kila mteja alipokohoa mbele yako. Tungekuuliza kwa nini wewe ulificha, lakini jibu tunalijua: hukutaka tukonde pamoja nawe. Ungetuacha tukonde, Baba. Tungekonda kwa moyo mmoja.

Siku hizi kila Jumamosi Mama anatupanga foleni. Anaanza na Mkwe kwa utepe, kisha sisi kwa futi uliyokuwa ukiivaa shingoni. Mimi kifungua mimba wako, ninayeandika haya, nimebisha nikachoka. "Simama wima," ananiambia. "Baba yako aliniweza. Wewe huniwezi."

Unakumbukwa na Mama, mkeo. Na sisi wanao. Na dada yako, ambaye bado anampa Mkwe pole kila akija. Na wakwe zako wa kweli, wanaoomba ieleweke kwamba wao hawakuja mikono mitupu. Na wajukuu, majirani na wateja wako wote. Mkwe yuko kwenye kiti chako, ncha za utepe zinakutana.

Suruali zako Mama hakuzigawa. Amekaa kwenye cherehani yako akafumua mishono ile yote, mmoja mmoja, mpaka zikarudi kiuno chako cha zamani. Zinaning'inia kabatini, pana kama ulivyokuwa. Hivyo ndivyo tutakavyokukumbuka siku zote.