Baba Anatoka Ukunguni

Mpendwa dada Nakunda,

Jana tulimtazama baba. Tulikaa sote sebuleni hapa Same, makande yakiiva jikoni, nikafungua ile faili uliyoniachia kabla hujatutoka. Kila mtu alikusifu, nami nikaona si haki wewe usisikie.

Unakumbuka ile DVD ilivyokuwa? Ulimpiga baba video mwenyewe kule Mhezi, asubuhi ya kipaimara cha mdogo wetu Elinami, akipanda njia ya migombani kwenye ukungu mzito. Baada ya kumzika ndipo tulipogundua kwamba hatuna video nyingine ya baba. Na diski yenyewe ilikuwa imechubuka, kila deki ikiimeza inakwama.

Sisi wengine tulitaka uihamishe upesi, iwe nyepesi, kila mtu aiweke kwenye simu yake. Ukajaribu. Kisha ukaniita studioni kwako, karibu na stendi, ukanionyesha ukungu umekatika vimraba vimraba, na uso wa baba umekuwa kama sakafu ya vigae.

"Umeona? Ukiibana sana, ukungu ndio unaharibika kwanza. Na baba yumo humo humo."

"Lakini dada, si anaonekana?"

"Anaonekana nani? Huyo mimi simjui."

Ukaanza upya. Uliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, ukainyonya picha yote kama ilivyo, ndipo ukaibadilisha iwe faili bila kuipunguza ubora. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme. Kompyuta yako ya mtumba ikifika katikati, umeme huo, umekwenda. Mimi ningeshaitupa diski dirishani. Wewe ulichemsha chai ya tangawizi, ukasema mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Hata nilipokuomba uipanue picha ijae kwenye televisheni mpya, uligoma. "Atakuwa mnene. Baba alinenepa lini, na shida zile?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Watu hututania Wapare kwa ubahili, dada, lakini baba hukumbania kitu.

Jana ukungu ulikuwa mzima, mweupe, ukisogea polepole juu ya migomba. Kwanza hapakuwa na mtu. Ikatokea kofia, yakatokea mabega, kisha baba mwenyewe na koti lake la kanisani. Hapo nikakumbuka kwamba wewe huonekani humo hata mara moja, maana kamera uliishika wewe. Niliumia sana.

Ndipo ikasikika sauti yako, safi, karibu kabisa, kama umekaa nami kwenye kochi: "Shikamoo, baba."

Nami, mbele ya watu wote, nikasema pamoja nawe, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaitika, akitutazama sisi wawili.

Pumzika, dada yangu. Kazi yako iko salama kwangu.

Ni mimi,
mdogo wako mwenye papara